Kwa nini wateja hawakai? Mambo ya kujua kabla hujaagiza benchi la mgahawa

Mwezi Juni, baridi ikiwa imepamba moto, tulipata ujumbe wa msikilizaji wetu wa Mbalizi, nje kidogo ya Jiji la Mbeya. Ni mama aliyefungua mgahawa mdogo karibu na barabara kuu iendayo Tunduma. Anauza kahawa ya Mbozi, chai ya maziwa, chapati na viazi. Fedha za kuanzia alikopa kwenye kikundi chake cha VICOBA. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Watangazaji wetu, kahawa yangu wanaisifu, lakini hawakai. Wanakunywa haraka wanaondoka. Nimekosea wapi?"

Tulimtembelea. Kahawa kweli ni nzuri. Tulikaa kwenye mabenchi yake mapya, na baada ya dakika kumi kila mmoja wetu alikuwa ameanza kujigeuzageuza. Pembeni, mzee mmoja ambaye ni mteja wa kila asubuhi alikuwa anakunywa kahawa yake amesimama, ameegemea mwimo wa mlango. Tulimwamkia, tukamuuliza mbona hakai. Akajibu, "Wanangu, nikikaa pale miguu inakufa ganzi. Afadhali nisimame."

Tukatoa tepu ya kupimia. Kutoka sakafuni hadi juu ya benchi kulikuwa na inchi 20, karibu sentimita 51. Ubao wa kukalia ulikuwa na upana wa inchi 8 tu. Hakukuwa na egemeo la mgongo, na ukingo wa mbele ulikuwa mkali kama ulivyotoka kwenye msumeno.

Fundi aliyeyatengeneza alikuja tukazungumza naye. "Mama aliniambia anataka mabenchi manne imara," alisema. "Haya hayavunjiki." Alikuwa anasema kweli, hayavunjiki. Ila hakuna aliyemwambia ni nani atayakalia, na kwa muda gani. Vipimo alivitoa kwenye mbao aliyokuwa nayo karakana.

Mama huyo alikuwa anakaribia kuagiza mabenchi mengine sita ya namna ileile, na marejesho ya mkopo yanamsubiri kila wiki. Ndiyo maana tumeandika makala hii. Kama una mgahawa, duka la dawa, saluni au ofisi ya kijiji, soma kabla hujatoa fedha ya awali kwa fundi.

Anza na mtu, mbao baadaye

Kipimo cha kwanza cha benchi ni umbali kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mtu aliyekaa. Benchi likizidi umbali huo, nyayo hazitui sawasawa. Uzito wa miguu unaning'inia kwenye ukingo wa benchi, na ukingo unabana chini ya mapaja, mahali inapopita mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo ndipo ganzi ya yule mzee inapotokea.

Benchi likiwa fupi mno nalo lina adhabu yake. Magoti yanapanda juu kuliko kiuno, mgongo unapinda, na mtu mzima akitaka kuinuka anatafuta wa kumvuta mkono.

Kwa mgahawa wenye wateja wa kila umri, inchi 17 hadi 17 na nusu, yaani sentimita 43 hadi 44 hivi, ni kimo kinachowafaa wengi. Usipime kwa kijana mrefu wa bodaboda peke yake. Mtu mrefu anaweza kunyoosha miguu mbele kwenye benchi fupi, lakini mfupi hana la kufanya kwenye benchi refu.

Kuna kipimo kisichohitaji tepu. Kaa, weka nyayo zote mbili chini, kisha pitisha vidole vya mkono kati ya paja na ukingo wa benchi, karibu na goti. Vikipita bila kubanwa, kimo ni kizuri. Vikibanwa, benchi limezidi.

Meza na benchi vipimwe pamoja. Kati ya sehemu ya kukalia na uso wa meza iwepo nafasi ya inchi 11 hadi 12. Kwa hiyo benchi la inchi 17 linataka meza ya inchi 28 au 29. Mtu akipunguza benchi akaiacha meza ya zamani, mteja atakula mabega yakiwa yamepanda juu kama mwenye baridi.

Kina cha sehemu ya kukalia

Ubao mmoja wa inchi 8 unafaa kwa mtu anayesubiri kuitwa jina. Kwa mtu unayetaka aagize kikombe cha pili, hautoshi. Makalio yanakaa, mapaja yanabaki hewani.

Benchi lenye egemeo liwe na kina cha inchi 16 hivi, sawa na sentimita 40. Lisilo na egemeo, inchi 12 hadi 14 zinatosha. Usizidishe sana. Mtu akiegemea nyuma kabisa, kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti paingie vidole viwili au vitatu. Pasipoingia kitu, mtu mfupi atalazimika kuchagua: aegemee miguu ikining'inia, au aweke miguu chini akose pa kuegemea.

Sehemu ya kukalia isilale bapa kabisa. Upande wa nyuma ushuke robo tatu ya inchi kuliko mbele. Mteremko huo mdogo huonekani kwa macho, lakini unamzuia mtu kuteleza mbele kidogokidogo. Fundi anaupata kwa kukata miguu ya nyuma mifupi kidogo.

Egemeo linaloshika kiuno

Mwaka 1948 daktari wa Sweden, Bengt Åkerblom, alichapisha utafiti wake kuhusu kusimama na kukaa. Alisisitiza jambo ambalo hata leo mafundi wengi hulisahau: mgongo unataka kushikwa sehemu ya kiuno, na chini yake iachwe nafasi ya makalio kwenda nyuma.

Kwa fundi wa kwetu, maana yake ni hii. Usianze egemeo palepale ubao wa kukalia unapoishia. Acha uwazi wa inchi 4 hadi 6, kisha weka ubao wa kwanza wa egemeo. Huo ndio utakaoshika kiuno. Ubao wa pili ushike mgongo wa juu, na egemeo lote liishie inchi 16 hadi 18 juu ya sehemu ya kukalia.

Egemeo lililosimama wima kama ukuta linamsukuma mtu mbele. Kwa kila futi moja ya kupanda, lirudi nyuma inchi 2 hadi 2 na nusu. Likirudi zaidi ya hapo, linafaa kwa kupumzika barazani, lakini mtu anayekula atakuwa mbali na sahani yake.

Ukiwa na fedha ya kuweka egemeo kwenye mabenchi mawili tu, weka kwenye yanayokaa ukutani. Ukuta peke yake hauchukui nafasi ya egemeo, maana ni wima na wakati huu wa baridi ni kama barafu mgongoni.

Watu wangapi wakae?

Mtu mmoja anahitaji inchi 22 hadi 24 za upana. Hapa kwetu hesabu makoti ya Juni na Julai, na hesabu mama mwenye mtoto mapajani. Benchi la futi 6 ni la watu watatu waliokaa vizuri. Wanne wataenea, lakini kwa kubanana kama kwenye Hiace.

Mbao nyingi zinauzwa kwa urefu wa futi 12, hivyo kila mbao inakatwa mara mbili kwa mabenchi ya futi 6 bila kubakiza kipande. Hapo mbao na mwili wa mtu vimekubaliana, na mwenye mgahawa anaokoa fedha.

Miguu isiwekwe mwisho kabisa wala isisogee sana katikati. Sote tumeona wawili wakiinuka ghafla, na aliyebaki mwisho wa benchi akajikuta chini na kikombe chake. Kwa benchi la futi 6, miguu iwe inchi 8 au 9 kutoka kila mwisho.

Angalia pia mbao inayounganisha miguu chini. Ikiwekwa mbele, inazuia visigino. Mtu yeyote anayetaka kuinuka lazima kwanza arudishe miguu chini yake. Jaribu kuinuka miguu ikiwa mbele yako, utaona. Kwa hiyo mbao hiyo irudishwe katikati au nyuma, nafasi ya visigino ibaki wazi. Na angalau mwisho mmoja wa benchi uwe na mkono wa kushika, inchi 8 au 9 juu ya sehemu ya kukalia. Wazee na wajawazito watakushukuru kimyakimya kwa kuurudia upande huo kila siku.

Mbao gani?

Nyanda za Juu Kusini tuna bahati. Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa kuna Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa ya Serikali, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Wananchi nao wamepanda miti yao. Mbao za paina kutoka Mafinga zinafika kila soko letu.

Paina ni nyepesi, inarandika vizuri na bei yake inavumilika. Udhaifu wake ni ulaini: inapata mabonde, na vifundo vyake vinaweza kutoa utomvu unaonata kwenye nguo. Kwa sehemu ya kukalia na egemeo inafaa, ilimradi uchague mbao zenye vifundo vichache. Mlingoti ni mzito na mgumu zaidi, unafaa kwa miguu, lakini ukikaushwa kwa haraka unapasuka na kujipinda. Mninga na mkongo ni mbao nzuri mno za miti ya asili, bei yake iko juu, na ukinunua hakikisha zimevunwa kwa kibali.

Tatizo kubwa ni mbao mbichi. Mbao ya paina yenye upana wa inchi 6 ikiwa mbichi inaweza kusinyaa karibu robo inchi ikikauka. Benchi lililobana vizuri karakana linalegea mgahawani baada ya miezi miwili, na lawama zote zinamwangukia fundi.

Panga mbao kivulini, juu ya matofali, ukiweka vijiti kati ya mbao na mbao ili upepo upite. Kiangazi cha Iringa chenye upepo hukausha mapema kuliko Rungwe kwenye mvua nyingi, kwa hiyo usihesabu wiki tu. Chagua mbao moja, ipeleke kwenye mizani ya dukani, andika uzito. Rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari.

Tahadhari: mbao za kijani

Mabenchi ya mama wa Mbalizi yalikuwa na rangi ya kijani. Zilikuwa mbao za paa zilizotiwa dawa, alizouziwa kwa kuwa haziliwi na mchwa.

Dawa inayotumika sana kwenye nguzo za umeme na mbao za paa ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Huko Marekani viwanda viliacha kutengeneza mbao za dawa hiyo kwa matumizi mengi ya nyumbani kuanzia mwisho wa mwaka 2003. Juu ya paa mbao hiyo inafanya kazi yake vizuri. Haifai kuwa meza ya chakula, wala benchi ambalo mtoto analishika kisha anapeleka mkono mdomoni.

Hatari kubwa zaidi iko jikoni. Vipande vinavyobaki baada ya kukata benchi vinaonekana kama kuni nzuri kavu. Usivichome. Moshi wake una sumu, na majivu yanabaki na sumu. Majivu hayo wengi wetu tunasugulia sufuria au tunamwaga kwenye bustani ya mboga. Mama alipotuambia kuwa vipande vilikuwa kwenye gunia nyuma ya jiko vikisubiri mvua, tulisimamisha mazungumzo mengine yote hadi gunia lilipoondolewa. Vipande hivyo vifukiwe mbali na kisima na bustani. Unga wake wakati wa kuranda usivutwe puani. Fundi avae barakoa. Kama hujui mbao imetiwa dawa gani, ihesabu kuwa ni hiyo.

Benchi linalokaa ndani, juu ya sakafu kavu, halihitaji dawa ya namna hiyo. Linahitaji mbao kavu, vanishi, na miguu isiyokaa kwenye maji ya kudekia.

Misumari peke yake haitoshi

Mtu akiegemea, anausukuma mguu wa benchi na kiungio chake. Akifanya hivyo mara mia kwa siku, msumari unaanza kutoka. Kichwa chake kikichomoza, kinachana kitenge cha mteja, na hapo umeshampoteza.

Mwombe fundi achonge ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, kisha atie gundi ya mbao. Kama bei haikuruhusu, atumie bolti, na aweke kipande cha mshazari kati ya mguu na sehemu ya kukalia. Pembetatu haiyumbi kirahisi. Vigoda vya miguu mitatu vilivyokaa jikoni kwa bibi zetu vinatufundisha somo la karibu na hilo: miguu mitatu hutulia hata kwenye udongo usio sawa. Benchi la miguu minne linataka sakafu iliyosawazishwa, kwa hiyo likague likiwa mahali pake mgahawani, usiridhike kwa kuliona karakana.

Ukingo wa mbele uviringishwe kwa randa hadi kiganja kipite bila kuumia. Msasa uanze na namba 80, ufuate 120, umalizie na 180. Ukitumia mbao kadhaa kwa sehemu ya kukalia, acha mwanya wa robo inchi kati yake ili maji na makombo yaanguke. Mwanya ukizidi hapo unabana ngozi.

Mpangilio nao ni sehemu ya benchi

Mjini Iringa, mwaka 2003 kilianzishwa kituo cha Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili watu wenye ulemavu wapate kazi. Mgahawa wake ulijulikana kwa wahudumu wake viziwi. Ukifikiria mahali kama hapo unaelewa jambo moja: wanaozungumza kwa lugha ya alama wanahitaji kuonana nyuso na mikono. Mabenchi yaliyopangwa mstari mmoja, wote wakitazama mbele kama kanisani, yanawakatia mazungumzo.

Lakini hata sisi wengine tunapenda kuongea tukitazamana. Panga mabenchi mawili yakielekeana, au yakutane kwa pembe. Pia acha upande mmoja wa meza bila benchi, nafasi ya inchi 32 hivi, ili mwenye kiti cha magurudumu asogee mezani na wenzake.

Jaribu kabla ya kukata

Usiagize sita kwa mpigo. Panga matofali na vipande vya mbao hadi upate kimo unachokitaka, uweke ubao juu. Waite watu watano: mfupi, mrefu, mzee, mjamzito na kijana. Wape chai, wakae nusu saa. Usiwaulize kama ni pazuri, maana watakujibu kwa adabu. Waulize panapouma ni wapi.

Kisha andika kwenye karatasi moja, wewe na fundi mbaki na nakala:

- Kimo cha sehemu ya kukalia: inchi 17 hadi 17 na nusu
- Kina: inchi 16, nyuma ishuke robo tatu ya inchi
- Urefu: futi 6, watu watatu
- Uwazi chini ya egemeo: inchi 4 hadi 6
- Miguu: inchi 8 au 9 kutoka mwisho, visigino viwe huru
- Mbao: kavu, isiyotiwa dawa
- Viungio: ulimi na tundu kwa gundi, au bolti
- Malipo ya mwisho: baada ya benchi kukaliwa mgahawani

Mama wa Mbalizi hakuagiza sita. Aliagiza moja, kwa fundi yuleyule, na mabenchi manne ya zamani ameyatoa mgahawani. Fundi mwenyewe alilikalia robo saa kabla ya kulileta, akarudi karakana kuviringisha ukingo mara ya pili.

Tulipopita tena mwezi Agosti, yule mzee hakuwa mlangoni. Alikuwa mwisho wa benchi jipya, upande wenye mkono, nyayo zote mbili zimetua sakafuni. Kikombe cha pili hakuwa ameagiza. Alikuwa bado anasimulia.